Kabla Hujakaza Glendi: Vali Inapotorosha Gesi

Ukifanya kazi miaka michache kwenye ghala la mafuta au kiwanda chochote cha pwani hii ya Tanga, utalijua hili: mchana, upepo wa kusi ukivuma, hunusi kitu, jioni upepo ukilala, pua inakuambia kuna gesi inatoroka mahali. Vali ni zilezile. Kilichobadilika ni upepo tu.

Wengi wetu tulioshikishwa spana mjini hapa tulianzia kwenye vali za maji na za mvuke. Mvuke hujitangaza. Unauona, unausikia ukipiga mluzi, na ukizubaa unakuunguza. Basi tukazoea dawa moja: ukiona mvujo, kaza glendi. Mvuke ukikoma kuonekana, kazi imekwisha, twende zetu tukanywe kahawa. Propani, butani, methani na mvuke wa petroli havina adabu hiyo. Vali inaweza kutorosha gesi mwaka mzima bila sauti wala tone, na ile robo ya mzunguko uliyoikaza ikawa ndiyo iliyozidisha ugonjwa. Ndiyo sababu naandika haya kwa kufuata dalili, kama mganga anavyomhoji mgonjwa: inauma wapi, tangu lini, na ukifanya nini?

Tuelewane majina kwanza, maana kila karakana ina yake. Fimbo ni ile inayopanda na kushuka (au kuzunguka) ukigeuza gurudumu la mkono. Kisanduku ni shimo linalopitisha fimbo, ndimo zinamokaa pete za pakingi. Glendi ni chuma kinachozikandamiza pete hizo, kwa kawaida kwa bolti mbili. Boneti ni kifuniko cha juu cha vali, kinachokaa juu ya gasketi yake.

Inavuja wapi hasa?

Usiguse spana bado. Fundi akisema "vali inavuja" hajasema kitu. Gesi inaweza kutoka pembeni mwa fimbo, kwenye gasketi ya boneti, kwenye flanji za bomba (zile sahani mbili za chuma zinazounganishwa kwa bolti), au kwenye mdomo wa bomba dogo la kutolea maji ambao mtu amesahau kuuziba. Kwenye vali za mfano wa geti na globu, ambazo fimbo yake hupanda na kushuka, mahali pa kwanza pa kushuku ni kwenye fimbo, kwa sababu hapo ndipo chuma kinapotembea.

Povu la sabuni bado ni rafiki mzuri na halina bei. Lakini lina mipaka yake. Kwenye chuma chenye moto wa kuchemsha maji litakauka kabla hujaona kitu, na kwenye fimbo inayocheza muda wote, kama ya vali inayojiendesha kwa hewa, halitakupa jibu la kuaminika. Hapo unahitaji kipima gesi cha mkononi. Wamarekani wana utaratibu wao unaofuatwa hata nje ya nchi yao, unaoitwa Method 21, na kiini chake ni rahisi: ncha ya kipima iguse mahali fimbo inapoingia kwenye glendi, uizungushe polepole mzunguko mzima, na pale namba inapopanda zaidi, tulia. Subiri muda ulio mara mbili ya ule kipima chako kinaochukua kujibu. Kijana anayepitisha kipima kama anayepunga nzi ataandika sifuri siku nzima.

Upepo wetu nao ni mwongo. Upepo wa alasiri hupeperusha gesi kabla haijaingia kwenye ncha, kwa hiyo pima asubuhi mapema, au simama ukiukinga upepo kwa mwili wako. Kwa flanji kuna ujanja mzuri: zungushia mkanda wa gundi kwenye pengo lote, toboa tundu moja dogo kama la sindano, halafu weka ncha ya kipima hapo. Gesi yote italazimika kupita mlango mmoja.

Namba zenyewe zisikuchanganye. Sheria za zamani za Marekani zilihesabu vali kuwa inavuja ikifika sehemu 10,000 za gesi kwa milioni za hewa. Siku hizi kiwango kinachotumika sana ni 500, na vali mpya za kuzuia uvujaji hudaiwa zisizidi 100. Propani huanza kuwaka ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, yaani kama sehemu 20,000 kwa milioni. Kwa hiyo vali inayosoma 600 hailipuki kesho. Inachofanya ni kutoa mchana na usiku. Zidisha kwa mamia ya vali za kiwanda kimoja, uone bidhaa inayopotea, benzini, kemikali yenye sumu, ambayo wenzako wanaivuta kwa miaka, na methani inayopasha dunia joto mara nyingi kuliko kabonidayoksaidi ya uzito uleule. Katika makadirio ya mamlaka ya mazingira ya Marekani, vali peke yake huchukua zaidi ya nusu ya gesi yote inayotoroka kwenye vifaa vya viwanda vya aina hii.

Ukikaza inakoma, baada ya siku chache inarudi

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote. Wenyeji tunajisifia kwamba Tanga ni waja leo waondoka leo. Mvujo wa namna hii waondoka leo, kesho waja.

Tazama kwanza glendi imeshuka kiasi gani. Kama ukingo wake umeshagusa mdomo wa kisanduku, unakaza chuma juu ya chuma. Pakingi haipati hata chembe ya mkandamizo, na wewe unajisikia umefanya kazi kwa sababu spana imekuwa ngumu. Dawa hapo ni pakingi mpya.

Kama glendi bado ina nafasi, shuku pakingi yenyewe. Pete za kusuka zilizolowekwa mafuta au girisi hupoteza vilainishi vyake kwa joto, zikapungua ujazo na kukauka kama mkate wa juzi. Grafiti huvumilia joto zaidi, lakini mahali inapokutana na hewa huanza kuliwa polepole joto likikaribia nyuzi 450 za Selsiasi. Tefloni yenyewe haitaki kuvuka nyuzi 260 hivi, na hata kwenye baridi huwa inatambaa: ukiibana leo, kesho imejisogeza pembeni na mkandamizo umepungua.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniudhi. Niliwahi kufungua vali moja ya inchi 6, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, iliyokuwa imekazwa mara nne ndani ya miezi miwili. Ndani nikakuta pete nane. Tatu za juu zilikuwa mpya. Chini yake mbili za aina nyingine, ngumu kama kuni. Zile za chini kabisa zilikuwa laini, na umbo lake halijabadilika, kama zilivyotoka dukani. Hakuna aliyewahi kuzikandamiza. Kila fundi aliyepita alikuwa ameongeza pete moja juu na kuondoka.

Nguvu ya glendi haifiki chini sawasawa. Kila pete hula sehemu ya nguvu kwa kusuguana na ukuta na fimbo, kwa hiyo pete za karibu na glendi ndizo zinazofanya karibu kazi yote, na zile za chini zinasindikiza tu. Kisanduku kirefu chenye pete nyingi si salama zaidi. Pete tano zinatosha: mbili za kusuka, moja juu na moja chini, za kuzuia grafiti isichomoke, na tatu za grafiti iliyofinyangwa katikati. Nafasi inayobaki chini ijazwe kwa bushi ngumu ya kaboni au chuma, isijazwe pete za bure.

Ukifunga upya, toa zote za zamani mpaka uone chuma cha chini, kisha safisha. Kama unakata pete kutoka kwenye kamba, kata kwa mshazari wa nyuzi 45, na mikato ya pete zinazofuatana isikae mstari mmoja. Igeuze nyuzi 90 kila mara. Sindilia kila pete peke yake kabla ya kuweka nyingine. Hapo ndipo wengi huchoka. Wanazitumbukiza zote tano, kisha wanaiachia glendi ifanye kazi, nayo, kama tulivyoona, haiwezi.

Pakingi mpya, na bado inavuja

Ulifunga jana kwa utaratibu wote na leo kipima kinasoma 900. Usiitoe pakingi. Pakingi mpya ina hewa katikati ya nyuzi zake, na vali ikitembezwa pete hujipanga upya na kupungua. Baada ya kukaza kwa nguvu aliyoandika mtengenezaji, fungua na funga vali mara tano hivi, kisha rudia kukaza kwa nguvu ileile. Rudia tena mpaka nati isizunguke zaidi. Tumia spana ya kupimia nguvu. Spana ya kawaida yenye kipande cha bomba mkiani hupima nguvu za fundi alizoamka nazo siku hiyo.

Inavuja fimbo ikitembea, inatulia ikisimama

Hapa pakingi mara nyingi haina kosa. Pitisha ukucha kwenye fimbo, sehemu inayoingia kwenye kisanduku. Ukucha ukinasa, hakuna pakingi duniani itakayoziba mkwaruzo huo, maana kila inapopanda fimbo hubeba gesi kidogo ndani ya mfereji wake, kama kamba ya ndoo inavyopandisha maji kisimani. Fimbo nzuri huwa na ukwaruzo usiozidi mikromita 0.8, yaani inang'aa na vidole vinateleza.

Mikwaruzo hiyo inatoka wapi? Mingine ni ya mafundi wanaochokonoa pete kwa bisibisi. Ndoano laini ya kuchomolea pakingi haina bei kubwa, inunue. Mingine ni kutu, na kutu yetu ina hadithi yake. Vali nyingi zina fimbo ya chuma chenye kromi asilimia 13. Ikiguswa na grafiti penye unyevu, viwili hivyo vinafanya kazi kama betri ndogo, na chuma ndicho kinachoshindwa: kinaota vishimo. Kiwandani vali ilijaribiwa kwa maji, haikukaushwa vizuri, ikasafiri baharini, ikakaa miezi ndani ya kontena la moto uwanjani ikivuta hewa ya chumvi. Inafungwa ikiwa mpya kabisa, na fimbo imeshaoza pale pete zilipo. Zikaguliwe kabla ya kufungwa, na wanunuzi waombe pakingi yenye kizuia kutu.

Kama fimbo ni safi, angalia kama imepinda, au kama inasukumwa upande mmoja. Vali zinazojiendesha huumia hivi: zinacheza milimita moja mbele na nyuma kutwa nzima, na kama kichwa cha hewa hakikukaa wima, pakingi inasuguliwa upande uleule mpaka inaisha. Ukimkuta mwendeshaji amelegeza mipangilio ya chombo kinachoiongoza vali hadi vali inatetemeka bila kazi, ongea naye kwanza. Kutibu pakingi huku mtetemo unaendelea ni kutwanga maji kinuni.

Upande mmoja tu wa fimbo

Glendi imekaa kombo. Pima kwa jicho pengo la kulia na la kushoto. Kama hayalingani, bolti moja imekazwa na nyingine imeganda. Kwa chumvi ya hapa, bolti za glendi za chuma cha kawaida hazimalizi miaka mingi kabla nati haijashikana na uzi. Na kuna mafundi rangi. Wageni wakubwa wakitarajiwa, kila kitu hupakwa rangi, pamoja na uzi wa bolti za glendi. Kiwanda kinapendeza, na hakuna nati itakayozunguka.

Angalizo, na hili sina mzaha nalo: bolti iliyoliwa na kutu usiikaze vali ikiwa na presha. Ikikatika, glendi inaweza kuruka na pete zikafuata. Vilevile usikubali kubadilisha pakingi kwa kutegemea kwamba fimbo imepandishwa hadi juu na "imejifunga yenyewe ndani". Kile kiti cha ndani, fimbo inapokaa ikiwa juu, kinaweza kuwa kimeliwa, nawe hukioni. Toa presha, chukua kibali cha kazi, ndipo ufungue. Na kama bidhaa ina haidrojeni salfaidi, pua si kipimo hata kidogo: ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, ukadhani imekwisha.

Inavuja baada ya kupoa

Kiwanda kikitembea hakuna kitu, kikizimwa na kuwashwa tena vali kumi zinasoma. Chuma na pakingi havipanuki sawa. Bolti zikirefuka kwa joto mkandamizo hupungua. Zikirudi, pete zimeshapungua na haziwezi kuzifuata. Kila kupoa na kupata moto ni hatua moja chini.

Jambo hili litatugusa zaidi upande wa Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia pale, na mafuta yale yana nta nyingi, hivyo limeundwa lipashwe joto lisishuke chini ya nyuzi 50. Joto hilo si kali kwa grafiti. Linalochosha vali kwenye mfumo wowote wa moto ni kuwasha na kuzima.

Dawa yake ni washa za springi zenye umbo la sahani, zinazowekwa kwenye bolti za glendi chini ya nati. Pete zikipungua, springi zinajinyoosha na kusukuma glendi bila mtu kuja na spana. Ziwe za chuma kisichoshika kutu, zipangwe kama mchoro unavyosema (ukizigeuza vibaya hazina springi), na zisipakwe rangi. Sio kila vali inastahili gharama hiyo. Mimi huanza na zile zinazotembea sana na zile za moto na baridi, vali za kufungia zinazoguswa mara mbili kwa mwaka nikaziacha.

Haivuji tena, ila gurudumu halizunguki

Umekaza kupita kiasi. Kwa vali ya mkono, mwendeshaji ataleta bomba la kumwongezea nguvu na siku moja atapinda fimbo. Kwa vali inayojiendesha ni mbaya zaidi, kwani inanata, kisha inaruka, na presha ya mtambo mzima inaanza kuyumba. Legeza, pima, kaza kidogokidogo mpaka usomaji ushuke chini ya kiwango chenu, na uishie hapo. Kama hakuna mahali pa katikati, pakingi si ya aina yake au fimbo imechoka.

Vali za robo mzunguko

Hizi ni zile zinazofunguka kwa kugeuzwa robo duara. Fimbo zake hazipandi, zinageuka tu, kwa hiyo kwa kawaida huvuja kidogo kuliko geti. Zikivuja, ni tefloni iliyotambaa. Kaza nati ya fimbo kidogo na mara nyingi inatosha. Kama zina pete za mpira, uliza kama presha ya gesi ilishushwa ghafla. Mpira hunywa gesi ukiwa ndani ya presha kubwa, na presha ikiondoka kwa mara moja gesi hiyo hupasua mpira kutoka ndani. Ukiikata pete utaona nyufa na malengelenge. Badilisha kwa mpira uliotengenezwa kuhimili hali hiyo, na mwendeshaji ajifunze kushusha polepole.

Boneti, flanji na midomo wazi

Gasketi iliyowahi kubanwa haitumiki mara ya pili. Kaza bolti kwa kukingamisha, moja kisha inayotazamana nayo, kwa awamu, usizunguke duara. Midomo ya mabomba madogo iwekewe plagi au kifuniko. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwenye kiwanda na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Kabla ya kununua nyingine

Vali ileile ikirudi kwenye orodha mara tatu kwa mwaka, acha kuitibu, ibadilishe. Kwa bidhaa yenye sumu kali kuna vali zenye mvukuto wa chuma uliochomelewa kuzunguka fimbo, hazina njia ya gesi kupita hadi mvukuto upasuke. Hata hizo huwekewa pakingi juu yake kama akiba, na pakingi hiyo nayo ipimwe, kwani ikianza kusoma maana yake mvukuto umekwisha.

Muuzaji akikuletea cheti, soma namba. API ni taasisi ya petroli ya Marekani, na namba ni za viwango vyake vya majaribio. API 624 ni ya vali zenye fimbo inayopanda: vali nzima inafunguliwa na kufungwa mara 310, inapashwa moto na kupozwa mara 3, na isivuke sehemu 100 kwa milioni za methani. API 641 ni ya robo mzunguko, mara 610. API 622 hujaribu pakingi peke yake, ndani ya kifaa cha majaribio, mara 1,510 na joto mara 5. Kuna na ISO 15848, kiwango cha kimataifa, sehemu ya kwanza ikiwa ya kupima aina ya vali, ya pili ya kupima zile zinazotoka kiwandani kila siku. Mara mbili nimeletewa cheti cha 622 nikiambiwa "vali imepita". Iliyopita ni pakingi. Kisanduku, fimbo na mkono wa aliyeifunga havikuwamo kwenye jaribio hilo, na fedha ya vali nzima ilikuwa inaombwa kwa cheti cha kamba.

Ukishaipata na kuifunga, itundikie kibao chenye namba yake, tarehe na usomaji wa siku ya kwanza. Nchi zenye sheria kali hutoa siku 5 za jaribio la kwanza la kutengeneza na 15 za kumaliza. Hata usipobanwa na mtu, andika usomaji wa kabla na wa baada. Ule wa siku ya kwanza ndio utakaokuambia, miezi sita mbele, kama 80 unayoiona ni ya kawaida au vali imeanza safari.